Bangi ihalalishwe? Sisi wa Tabora tushaishi na jani halali

Juzi jioni narudi zangu nyumbani huku Isevya namkuta dogo, mwanangu wa miaka sita, na wenzake wawili chini ya mwembe, wamechana karatasi ya daftari wakasokotea majani makavu ndani, hawajawasha, wanapokezana tu, mmoja anafumba macho halafu anakohoa kama mzee. Nikawauliza mnacheza nini? "Tunacheza kijiwe." Nilicheka kwanza, raha ikaniisha baadae nikiwa nakula.

Maana wale simu hawana, useme wameona TikTok. Wameona hapo hapo kwenye pagale nyuma ya nyumba yetu ambako vijana wanakaa kuanzia saa kumi na moja. Na bangi nchi hii ni kosa, sheria ya mwaka 2015 ya dawa za kulevya haina utani, kesi za kusafirisha watu wanakula miaka 30 na wengine maisha, kina DCEA, wale wa mamlaka ya kupambana na dawa za kulevya, kila mara wanafyeka mashamba Arumeru na Mara huko. Sasa mtu akiniambia tusihalalishe watoto wasije wakaona, namuuliza kwani saivi wamefumba macho?

Hili ndo swali wanalolitumia wanaotaka iruhusiwe na lina uzito, tusilikimbie. Muuza kete haulizi umri. Hana leseni ya kunyang'anywa, hana bango la "chini ya miaka 18 hatuuzi", mtoto wa darasa la saba akija na mia tano yake ni mteja kama mteja mwingine. Halafu mzazi ambaye mwanae amekula kitu chenye bangi anaogopa kumkimbiza hospitali asije akaulizwa umeitoa wapi, anabaki anamnywesha maziwa. Na kijana akidakwa na msokoto mmoja, familia inauza mbuzi kulipia kesi. Tangu Wajackoyah agombee urais Kenya 2022 na sera yake ya bangi hata vijiwe vya bodaboda huku vina wataalamu wa hizi hoja, wanakuhesabia mpaka dola, japo hawakwambii kura alizopata hazikufika hata asilimia moja.

Ila sasa njoo upande wa pili, na huku watu wa Tabora hatuhitaji kwenda kusoma Ulaya. Jani halali tunalo, tumbaku. Mradi wa karanga wa Waingereza ulipofeli Urambo, tumbaku ndo ikashika, na toka hapo Urambo, Kaliua, Sikonge watu wamejenga, wamesomesha, wameoa kwa hela ya tumbaku, sitaki unafiki, hata ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye bani la babu, yani banda la kukaushia tumbaku kwa moto. Lakini angalia mtoto anavyokua nayo. Anashikishwa kufunga majani kwenye fito yakiwa mabichi, na yakiwa na umande ile nikotini inapenya kwenye ngozi, mtu anapata kizunguzungu na kutapika bila kuvuta hata pafu moja, mi mwenyewe nimetapika hivyo nikaambiwa ni malaria. Usiku analala karibu na bani kuchochea moto. Akirudi nyumbani anamkuta baba anavuta ndani, mlango umefungwa kwa ajili ya mbu.

Na sheria ipo! Toka 2003 tuna sheria ya bidhaa za tumbaku, kumuuzia aliye chini ya miaka 18 ni kosa. Nani hapa Tabora ameshaona mwenye duka anamuuliza mtoto una miaka mingapi? Shemeji yangu tunaishi nae, alikuwa kila jioni anamtuma dogo, "kachukue sigara mbili na kiberiti, chenji kula pipi." Dogo anakimbia hata viatu havai. Yani mtoto wa miaka sita anajua bei ya sigara moja moja kuliko anavyojua kuhesabu kwa tano tano, na aliyemfundisha sio muhuni wa kijiweni, ni mjomba wake anayempenda na mwenye duka anayeswali nae msikiti mmoja.

Hapo ndo mimi hofu ya wazazi naielewa kuliko wanavyoieleza wenyewe. Wanasema "wataona wakivuta", lakini mtoto kuona moshi sio jambo zito kama mtoto kuona hakuna anayeshtuka. Bangi ya pagaleni akiiona anaona pia watu wanajificha, wanashtukia pikipiki, anajua kuna kitu hakiko sawa. Sigara hana hiyo habari, sigara inakaa rafu moja na sabuni na majani ya chai. Ukihalalisha unaondoa lile woga, na ndani ya hilo woga kulikuwa na kazi moja ya maana ilikuwa inafanyika.

Wenzetu walioruhusu nao walihangaika na hichi hichi. Ujerumani walipofungua Aprili 2024 mtu mzima akaruhusiwa kutembea na gramu 25 na kupanda miche mitatu kwake, lakini wakaandika humo humo hakuna kuvuta mbele ya mtoto, wala mahali panapoonekana kutoka shule au uwanja wa watoto. Sheria nzuri, ila fikiria nani ataisimamia mitaa yetu ya Ng'ambo au Kanyenye ambako nyumba moja ina wapangaji sita na uwani ni mmoja, mtoto wa mpangaji wa chumba cha pili umfiche wapi? Thailand nao waliitoa bangi kwenye orodha ya dawa za kulevya Juni 2022 kabla ya kanuni kukamilika, maduka yakaota kama uyoga, 2025 wakarudi nyuma wakataka mtu awe na cheti cha daktari.

Canada ndo ilinifikirisha zaidi. Waliruhusu Oktoba 2018, pakiti hazina mapambo, mtoto hawezi kufungua kirahisi, na kwa kweli vijana wa shule hawakulipuka kuvuta kama watu walivyohofia, hilo lazima tuseme ukweli. Lakini mwaka uliofuata wakaruhusu vya kula, chokoleti na pipi, na watoto wadogo waliofikishwa hospitali kwa sumu ya bangi wakaongezeka. Quebec walikataa kuuza pipi na chokoleti za bangi, na kwao hali haikupanda kama majimbo mengine. Kwa hiyo kilichowapata watoto hakikuwa moshi sana, kilikuwa zaidi pipi kwenye friji. Na tusijidanganye hiyo ni ya Wazungu, Dar walishakamata biskuti za bangi zikiwa marufuku.

Kuna wanaosema bangi ni ya mababu, rugaruga, wale wapiganaji wa mtemi Mirambo, walivuta na wakapiga vita. Sawa, ila hao walikuwa na bunduki na hawakuwa na mtihani wa darasa la nne. Ubongo wa kijana unaendelea kujijenga mpaka miaka ya ishirini na kitu, anayeanza bangi akiwa mdogo na kuvuta sana ndo mwenye hatari kubwa ya kuchanganyikiwa, na msokoto nao una lami na moshi wa sumu kama sigara, sio dawa ya mapafu hata uite mmea wa Mungu mara ngapi.

Mi ukinibana, nasema kijana wa msokoto mmoja asifungwe, aandikiwe faini, ashauriwe, arudi kwao, jela inamrudisha amejua vitu vikali zaidi. Ila duka la bangi mtaani kwangu sitaki, kwa sababu mwenye duka anataka mteja wa kesho na mteja wa kesho ni mtoto, tumbaku imetuonyesha hilo. Wataniita popo, si ndege si mnyama, waite tu. Mwenye kutaka nibadili mawazo anionyeshe kwanza duka moja la Tabora ambalo mtoto akiomba sigara anarudishwa mikono mitupu.

Shemeji nilimwambia usiku ule ule, shem sigara kuanzia leo fuata mwenyewe. Alinuna kidogo yakaisha, saivi anavaa ndala anaenda. Aliyebaki amenuna ni dogo, pipi zimekata.