Nyumba ya Setla Mtaani Karen: Ya Kutunzwa au ya Kuachwa?

Pembezoni mwa Nairobi, vilima vya Ngong vikionekana kwa mbali, ipo nyumba ya mawe yenye paa la vigae na vyumba vilivyopigwa mbao za mahogani ukutani. Aliijenga mhandisi Mswidi, Åke Sjögren, mwaka 1912. Mwaka 1917 ikanunuliwa na Karen Blixen, mwandishi wa Denmark, pamoja na mumewe. Leo iko chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya.

Wapo wanaouliza kwa nini Kenya ijisumbue na Blixen, setla (mlowezi wa Kizungu) ambaye kahawa yenyewe aliyokuja kulima ilimshinda. Wana haki ya kuuliza. Shamba lilikuwa na ekari 4,500 hivi, na kahawa ilichukua kama ekari 600 tu, tena mahali pa juu mno kwa zao hilo. Kwingine palikuwa msitu, malisho na vishamba vya maskwota, yaani Waafrika walioishi na kulima kwenye ardhi ya setla bila kuimiliki, wengi wao Wakikuyu. Sheria ya 1918 iliwataka maskwota wamfanyie setla kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Nusu mwaka mzima, ndipo uruhusiwe kulima na kufuga pale ambapo huenda babu yako alizaliwa.

Wanaoitetea hutanguliza fedha za watalii. Sawa, zinaingia. Ila wengi wa watalii hao huvutwa na filamu ya Hollywood ya 1985, Out of Africa, inayosimulia maisha ya Blixen. Makumbusho yakafunguliwa mwaka uliofuata, na baadhi ya vyombo vilivyomo vilitengenezwa kwa ajili ya filamu hiyo. Historia inayoazima samani kwa waigizaji, mimi hunichekesha kidogo.

Hoja yao nzito ni kwamba nyumba hii ilishaacha kuwa ya Blixen. Denmark iliinunua ikaipa Kenya kama zawadi ya uhuru, ikawa sehemu ya chuo kabla ya kugeuzwa makumbusho. Blixen aliishi humo miaka 14. Kenya imeimiliki kwa miongo sita.

Kisa kinachonigusa zaidi ni cha 1931. Shamba lilipofilisika, aliyelinunua alilikata viwanja, na ndicho kitongoji cha kitajiri cha Karen tunachokijua. Maskwota walitakiwa kuhama. Blixen akawahangaikia kwa wakubwa wa serikali hadi wakapewa mahali pa kukaa pamoja, Dagoretti. Wanaompenda husema: mnaona utu wake? Ni kweli, alikuwa nao. Lakini watu waliolima pale miaka yote hiyo hawakuwa na neno lolote mbele ya sheria mpaka Mzungu awaombee, na hilo utu wake haulifuti.

Kwa hiyo mimi ningeibakiza nyumba, ila mgeni aelezwe zile siku 180 kabla hajafunguliwa sebule. Na bajeti ikibana, pesa zitangulie kurekodi simulizi za familia zilizohamishiwa Dagoretti. Mbao za mahogani zinaweza kungoja msimu mwingine wa ukarabati.