Nani alikataza kuangalia Ruzizi?

Ni sheria gani inayosema mtu akisimama kando ya barabara ya Ngomo, ile ya mlimani kati ya Bukavu na Kamanyola, akatazama Mto Ruzizi kule chini, mpakani mwa Kongo na Rwanda, basi huyo ni mpelelezi? Nauliza kwa dhati. Wanasheria mko wengi humu, kila siku mnabishana juu ya katiba, leo nisaidieni na hili dogo.

Mpwa wangu aliyekulia Kinshasa alikuja likizo kiangazi hiki. Mto anaoujua ni mmoja tu, ule wao, mpana, unaotembea polepole kama mzee aliyetoka kula bugali. Nikataka aone maji yanayokimbia. Mpango ulikuwa wa siku moja: asubuhi Ziwa Kivu, mchana Kamanyola, jioni tuwe tumerudi Bukavu.

Ziwani hatukukaa sana, ila tulifika saa nzuri. Wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo, walikuwa wanarudi na mitumbwi yao mitatu mitatu iliyofungwa pamoja, fito ndefu zimetoka mbele na nyuma, wanaimba kwa uchovu. Nikamwambia mtoto kwamba sambaza si wenyeji hapa, walitolewa Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Hakuamini. Kwake Bukavu na sambaza ni kitu kimoja. Nadhani hata wengi wetu tungeapa kwamba babu zetu waliwakuta humu.

Halafu nikamweleza habari ya mto wenyewe, maana hii ndiyo sehemu ninayoipenda. Zamani maji ya Kivu yalikuwa yanaelekea kaskazini, upande wa Ziwa Edward. Volkano za Virunga zikaota katikati ya njia, zikaziba. Ziwa likapanda, likapanda, mpaka likapata mahali pa kumwagikia, na mahali penyewe ni hapa kwetu, kusini, kwenye kona ambayo leo watu wanapanga foleni na vikapu kuvuka mpaka. Kutoka hapo maji yanateremka karibu mita 700 mpaka Tanganyika, na sehemu kubwa ya mteremko huo inaishia kabla ya kufika uwanda. Ndiyo maana kuna korongo. Ndiyo maana kuna mabwawa ya umeme pia, la kwanza tangu enzi za Wabelgiji, la pili tangu 1989, na la tatu tunalosubiri. Na kutoka Tanganyika maji yanatoka kwa Mto Lukuga, yanaingia Mto Kongo, yanapita mbele ya Kinshasa. «Kwa hiyo haya nitayakuta nyumbani?» Ndiyo, mwanangu, yatachelewa kidogo tu, kama sisi wote tunaosafiri nchi hii.

Tukashika njia ya Nyangezi.

Kwa wasiopita huko siku hizi: Ngomo ni ile ile. Barabara imechongwa ubavuni mwa mlima, upande mmoja ukuta wa udongo, upande mwingine hakuna kitu. Fuso likikuja mbele yenu, mmoja lazima arudi nyuma. Konvayeri, msaidizi wa dereva, anaruka chini na kipande cha mti, anakikimbiza nyuma ya tairi, gari linashuka hatua, anakichomoa, anakirudisha tena. Abiria wote kimya. Shangazi yangu amefanya biashara ya samaki kati ya Uvira na Bukavu tangu mimi sijaanza shule, na korongo la Ruzizi hajaliona hata siku moja. Gari likianza kuteremka anafumba macho, anatoa rozari, na anayafumbua Kamanyola. Simlaumu. Wengine wenye uwezo wa kulipia makaratasi wanapitia Rwanda, lami mpaka Bugarama, halafu wanavuka tena kuingia kwao. Kutoka mji wa Kongo kwenda mji mwingine wa Kongo unagongewa mhuri ugenini! Hilo nalo tumelizoea.

Sisi tulikuwa na gari la rafiki yangu, tukapata kona moja pana kidogo ambapo gari mbili zinaweza kupishana. Tukasimama. Chini kabisa mto ulikuwa uzi mweupe kati ya mawe meusi, upande wa pili milima ya Rwanda imelimwa mpaka juu, na kusini uwanda umefunguka, rangi ya majani makavu, ukungu wa joto juu yake. Ukinyamaza unasikia maji. Mpwa wangu, ambaye tangu Bukavu kichwa chake kilikuwa ndani ya simu, alikiinua. Kisha, kwa kawaida ya watoto wa siku hizi, akainua na simu.

Wakatokea. Sijui walitoka wapi, pale hakuna nyumba. Wawili, mmoja na bunduki, mwingine na daftari.

«Munaangalia nini hapo?»

«Mto, shefu.»

«Mto gani?»

Sasa hapo mtu anajibu nini? Kuna mto mmoja tu.

«Foto zinakatazwa. Hii ni mpaka. Kule chini kuna sentrali ya umeme.»

Nikasema kutoka hapa sentrali haionekani. Akasema hajui kama haionekani, kazi yake si kuangalia. Haya maneno nimeyabeba mpaka leo. Tuliongea kwa muda mrefu wa kutosha Fuso tatu kupita na kutupaka vumbi. Amandi, yaani faini, ikaanzia kwenye dola, ikashuka kwenye faranga, ikaishia «mutuachie hata ya maji». Risiti? Mwenye daftari alicheka, na daftari lenyewe halikufunguka. Picha zilifutwa, moja baada ya nyingine, huku mtoto akishikiwa simu na mtu anayeogopa picha lakini anajua vizuri mahali pa kubonyeza.

Si fedha zinazonikasirisha. Fedha za maji tumezitoa maisha yetu yote. Kinachonikasirisha ni lile swali la kwanza: munaangalia nini. Katika nchi hii ukisimama mahali bila kuuza, bila kununua, bila kuharibikiwa na gari, tayari una kesi. Ungekuwa na tairi limepasuka pale pale, wangekuja kukusaidia kusukuma, hilo nawapa. Ungekojoa ukutani, wangegeuka pembeni. Lakini kuangalia! Wakati satelaiti zinaonyesha dunia nzima hadi bati la choo changu kule Kadutu, bwawa lote la umeme limo humo, mtu yeyote popote analifungua akiwa kitandani. Adui wa taifa aliyebaki ni msichana wa miaka kumi na minne mwenye simu iliyopasuka kioo.

Na ng'ambo ya mto, Rwanda? Inaniuma kuandika hili, lakini ng'ambo watu wanakaa kwenye viti, soda mezani, wanapiga picha mto ule ule. Upande wa picha zao ni milima yetu. Yaani sisi ndio tunaopendeza, wao ndio wanaotuona.

Mtaniambia vita. Sawa. Hakuna anayeniambia jipya: mpaka huu umepitisha watu wenye silaha tangu 1996, na aliyesimamishwa pale na bunduki bila mshahara ana sababu zake za kumwogopa kila mgeni. Nakubali, shingo upande. Lakini wale wenye silaha sijawahi kusikia walisimamishwa kwa ajili ya picha.

Na tafadhali msinijibu kwa hotuba za utalii. Nimesikia «Kivu ina utajiri wa kitalii» kwenye kila semina yenye biskuti. Hatujaomba hoteli. Pale kwenye kona panatosha ukuta mfupi wa mawe ili gari lisianguke, na choo, na mama mmoja wa kuuza mahindi ya kuchoma. Walimu wangeleta watoto. Nimesoma jiografia Bukavu, mwalimu akachora korongo ubaoni kwa chaki, akatuambia liko Marekani. Wakati huo korongo letu lilikuwa safari ya asubuhi moja tu!

Tulifika Kamanyola tumechelewa, jasho linatutoka, makoti ya Bukavu mkononi. Tukala bugali na samaki. Mpwa alishangaa kwamba Kamanyola ni mahali: kwao alisikia babu yake akiliita uwanja wa mpira, na kuna waliolijua kama meli ya Mobutu au kikosi cha jeshi lake. Vita vya 1964 vilipiganwa hapa, jeshi la Mobutu likawashinda waasi, jina likapanda ndege likaenda Kinshasa kupewa kila kitu kikubwa. Mji wenyewe ulibaki na vumbi lake.

Kwa wanaotaka kwenda: tokeni mapema kabla ya malori. Kaeni upande wa kushoto wa gari mkienda, wa kulia mkirudi, ndio upande wa mto. Bebeni kitambulisho, na hela ndogo ndogo mifuko tofauti. Na mkifika kwenye ile kona pana fungueni boneti. Mtu mwenye boneti wazi anaruhusiwa kusimama popote Kongo hii, hata saa nzima.