Madiwani wanapoikagua tume ya haki za binadamu

Tume nyingi za haki za binadamu katika miji ya Marekani ni watoto wa ghasia. Mwaka 1943 machafuko ya rangi yalizuka Detroit mwezi Juni, na Harlem ikafuata Agosti. Meya wa Chicago aliunda kamati ya mahusiano ya rangi mwaka huohuo. Fiorello La Guardia wa New York akaunda ya kwake mwaka 1944. Kamati kama hizo ndizo zilizokua zikawa tume zenye sheria, ofisi na fungu la bajeti. Sasa ghasia zile wachache wanazikumbuka, lakini bajeti hurudi mezani kila mwaka, na madiwani wakiketi kuikagua tume huanza na swali moja: mmepokea malalamiko mangapi?

Ni swali bovu. Malalamiko machache yanaweza kumaanisha ubaguzi umepungua, au watu hawajui tume ipo, au wanajua na wameshaikatia tamaa. Yakiwa mengi, huenda tume inaaminika, huenda hali ya mji imezidi kuwa mbaya. Tarakimu ileile humtumikia anayetaka tume ifungwe na anayetaka iongezewe watumishi.

Wanaotaka ifungwe wana hoja. Kwa masuala ya kazi ipo tume ya serikali ya shirikisho, EEOC. Kwa nyumba ipo wizara ya HUD. Na majimbo mengi yana vyombo vyake. Mlango wa tatu wa nini? Kuna pia suala la haki kwa mlalamikiwa, ambalo watetezi wa tume hawapendi kulisikia. Mwenye duka dogo asiye na wakili anaitwa na chombo ambacho kinachunguza, kinasuluhisha, na katika baadhi ya miji kinaamua. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Marekani, kwa kura 7 dhidi ya 2, ilitengua uamuzi wa tume ya jimbo la Colorado dhidi ya mwoka keki aliyekataa kuwatengenezea wapenzi wa jinsia moja keki ya harusi, kwa sababu baadhi ya makamishna walionyesha chuki dhidi ya dini yake. Ile ilikuwa tume ya jimbo, lakini kamishna wa mji asiyejua kuuzuia ulimi wake anaweza kuipoteza kesi vivyo hivyo.

Hata hivyo, hoja ya mlango wa tatu haisimami vizuri ukiingia ndani. Sheria ya shirikisho inayokataza ubaguzi kazini humgusa mwajiri mwenye wafanyakazi 15 au zaidi. Ya Jiji la New York, kwa sehemu kubwa, huanzia wanne. Mhudumu wa mgahawa mdogo anayebaguliwa hana pa kwenda Washington. Tena miji imewahi kutangulia. Tume ya Pittsburgh iliamuru gazeti la mji huo liache kutenga matangazo ya kazi za wanaume na kazi za wanawake; gazeti likakata rufaa hadi Mahakama Kuu, na mwaka 1973 tume ikashinda kwa kura 5 dhidi ya 4. Ungehesabu malalamiko ya Pittsburgh, lile lingekuwa moja tu.

Kuna jambo jingine ambalo ukaguzi wa kawaida hulipita. EEOC na HUD huingia mikataba na vyombo vya chini vinavyotimiza masharti, na kuvilipa kwa mashauri vinavyoyakamilisha. Diwani anayeifunga tume ya namna hiyo ili kubana matumizi anafunga na mfereji wa fedha. Lakini malipo kwa shauri lililokamilika yana mtego wake: jalada jepesi linafungwa haraka, lile gumu linalala kabatini. Kwa maoni yangu umri wa majalada yaliyo wazi, na sababu za kufungwa yale mengine, hueleza mengi kuliko jumla yoyote. Mpangaji aliyenyimwa nyumba hawezi kusubiri miaka miwili. Atakuwa ameshahamia kwingine, na shahidi wake pia.

Hapo sizungumzii tume ambazo ni tume kwa jina tu: watu wa kujitolea walioteuliwa na meya, wasio na mamlaka ya kuita shahidi wala kudai nyaraka, wanaotoa tuzo mara moja kwa mwaka. Kuzilaumu kwa kutochunguza ni uonevu, kwani baraza lenyewe ndilo lililoziandikia sheria hivyo.

Na zile zenye meno humuuma nani? Kanuni za Paris, zilizoidhinishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwaka 1993, zinataka taasisi za haki za binadamu ziwe na fedha na uhuru wa kutodhibitiwa na serikali. Ziliandikwa kwa taasisi za kitaifa, si za miji, ila kwa mji tatizo liko karibu zaidi: mlalamikiwa anaweza kuwa polisi wa mji au idara ya mji, na anayeteua makamishna ni meya. Mimi ningekuwa diwani, kabla ya kugusa bajeti ningeomba majalada ya miaka mitano ambayo mlalamikiwa ni mji wenyewe, majina yakiwa yamefutwa. Ningetazama yalichukua muda gani, nani aliamua yafungwe, na kama wakili wa mji aliyekuwa akiishauri tume ndiye huyohuyo aliyekuwa akiitetea idara.