Kiti kwenye jopo hakitoshi

Mwandishi wa makala ninayoijibu ameridhika kwamba Ulaya sasa majopo ya kukagua ubora wa vyuo vikuu lazima yawe na mwanafunzi. Ni kweli, mwongozo wa ubora uliopitishwa Yerevan mwaka 2015 unataka hivyo. Lakini jopo hukagua chuo, likaandika ripoti, kazi yake ikaisha. Nani anapanga vigezo vya ukaguzi? Nani anaamua ithibati, yaani kibali kwamba chuo kinakidhi viwango, itolewe au inyimwe? Hayo ni ya bodi na kamati za wakala wenyewe, yaani vyombo vinavyosimamia ukaguzi huo, na huko mwongozo huohuo unasema tu kwamba wadau washirikishwe. Wanafunzi ni wadau, sawa, ila waajiri na wahadhiri nao ni wadau, na anayesukumwa pembeni kwanza tunamjua.

Mimi nataka kwenye bodi na kamati hizo wanafunzi wawe wawili, si mmoja, wenye kura, waliochaguliwa na umoja wa wanafunzi na si kuteuliwa na mkuu wa chuo. Wapewe makabrasha mapema na posho kama wajumbe wengine. Mwanafunzi anayekabidhiwa kabrasha nene asubuhi ya kikao atachangia nini? Rejesta ya Ulaya ya mawakala hao, EQAR, ilianzishwa mwaka 2008, na umoja wa wanafunzi wa Ulaya ni miongoni mwa waanzilishi wake wanne. Kwa hiyo uwezo wanao.