Nyumba ya Vyumba Sita Nayo Ni Urithi

Kariakoo, Dar es Salaam, nyumba za zamani sasa ni za kuhesabu. Ukiiona moja, imebanwa na maghorofa, bati lina kutu, na barazani pamejaa maboksi ya bidhaa. Mimi husimama. Naijua kabla sijaingia: korido katikati, vyumba vitatu kulia, vitatu kushoto, na mlango wa nyuma unaokutoa uani penye jiko, bafu na choo. Nimekulia katika nyumba ya namna hiyo, ya bibi mzaa mama.

Eneo lile Wajerumani walilipanga kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia liwe makazi ya Waafrika, pembeni ya mji, uwazi wa Mnazi Mmoja ukiwatenga na wengine. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916, kambi ya wapagazi wa Carrier Corps ndiyo iliyolipa jina. Mitaa ilinyooshwa na wakoloni, lakini nyumba zilikuwa za fundi wa Pwani: miti, fito na udongo, juu makuti, mabati na saruji vikaja baadaye.

Na thamani yake siioni kwenye udongo. Naiona kwenye mpango. Baraza lilikuwa la mgeni na mpita njia, mahali pa kahawa, bao na mazungumzo ya siasa. Uani palikuwa pa wanawake, na humo wapangaji waliotoka bara, kila mmoja na lugha ya kwao, walipikia pamoja hadi Kiswahili kikawa chao. Bibi alikaa chumba cha mbele, vingine akapangisha. Kodi ile ndiyo iliyowasomesha mama na wajomba, baada ya babu kufariki. Wanawake wengi wa Dar es Salaam walisimama kwa nyumba kama hizo.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inaulinda mlango wa nakshi uliochongwa kabla ya mwaka 1940. Ni jambo jema, lakini milango ya Kariakoo mingi ilikuwa mbao tupu, na kwa majengo kinga ya moja kwa moja inakomea karne ya 19. Nyumba ya Mwalimu Nyerere kule Magomeni imehifadhiwa, nami nashukuru. Imeokolewa na jina la mwenyewe. Ya mama ntilie nani ataiokoa?

Sisemi warithi wazuiwe kuuza. Ardhi ya pale ni ghali na watu wana shida zao. Naomba nyumba moja inunuliwe kwa bei ya soko, ibaki na baraza lake na uani wake. Zilizobaki zipimwe, zichorwe, wazee waliokaa humo wahojiwe kabla tingatinga halijafika.

Ya bibi tuliiuza sisi wenyewe, wajukuu na wajomba. Hatukuchukua hata picha moja ya uani.