Talaka: mmalizane kikaoni au mfike kwa hakimu?

Watu wanaulizana hili kama vile unachagua moja, kumbe hapa Tanzania usuluhishi huuruki hata ukitaka. Sheria ya Ndoa ya 1971 kifungu cha 101 inataka mpite kwanza baraza la usuluhishi, liwe la kata, la BAKWATA (baraza kuu la Waislamu) au la kanisani, likishindwa ndo linakupa fomu namba 3 unaenda nayo mahakamani (kuna wachache wanasamehewa, mfano mwenzio katokomea hajulikani alipo).

Sasa baraza kazi yake ni kuwarudisha ndani, sio kugawa nyumba. Nilimsindikiza dada mmoja jirani, wazee wanamwambia vumilia mama ndoa ndo zilivyo, na yeye kapakata bahasha ya kaki imejaa risiti za saruji na mabati, hakuna aliyeomba hata kuziona. Zilikuja kufunguliwa mbele ya hakimu, mojamoja.

Kweli kesi inachosha, inaahirishwa wee, wakili anataka hela yake, watoto wanasikia wasiyopaswa kusikia. Mkiweza kukaa na mtu mnayemheshimu mkaelewana nyumba ya nani, watoto wanakaa wapi, ada analipa nani, halafu hakimu mkamfikia mmeshakubaliana, mmeokoa mengi sana na hata siku mnaoza binti mtakaa meza moja. Lakini hiyo inataka wote mjue kilichopo. Kiwanja kimeandikwa jina la shemeji, akaunti ya benki huijui, hapo mnakubaliana nini? Baraza halina ubavu wa kumwambia lete nyaraka, mahakama inao.

Na tusisahau, zamani kuna majaji walikuwa wanasema kupika na kulea sio mchango kwenye mali, mpaka 1983 Mahakama ya Rufani kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu ikasema ni mchango. Kikaoni hilo lisingetoka. (Ajabu Bi Hawa mwenyewe kwenye nyumba waliyokuwa wanaigombania hakuambulia kitu, ilionekana hela aliyopewa na mume ya biashara kaitapanya, wenzie ndo wanakula matunda.)

Mimi kama mnaongea vizuri ningesema malizaneni. Ila kwa anayepigwa, mtu unamwogopa usiku, mchana utabishana naye bei ya kiwanja? Achukue fomu yake aende, na asikae nayo ndani, ikipita miezi sita haina kazi.