Tea Party, chama cha Republican na kalamu ya uteuzi

Vuguvugu la Tea Party, lililozuka Marekani mapema mwaka 2009 kudai serikali ndogo na matumizi madogo, likitajwa katika mijadala ya siasa hapa Dar es Salaam, hukumu huwa imekwishatolewa: lilikuwa jeshi la matajiri wasiotaka kulipa kodi. Hukumu hiyo ina chembe ya ushahidi. Americans for Prosperity, taasisi iliyoanzishwa na ndugu wa familia ya Koch, ililisaidia sana kujipanga, na katika mikutano yake yalionekana mabango ya kumdhalilisha Rais Obama kwa rangi yake, jambo ambalo muungwana hawezi kulitetea. Lakini anayeishia hapo hawezi kueleza kwa nini baadhi ya waliobwagwa mapema kabisa walikuwa vigogo wa Republican yenyewe.

Chanzo cha ugomvi ni Oktoba 2008, pale Rais George W. Bush, Mrepublican, alipotia saini sheria iliyotenga dola bilioni 700 kuyaokoa mabenki. Wanachama waliokuwa wakiambiwa miaka nenda miaka rudi kwamba serikali isiingilie soko walishuhudia viongozi wao wenyewe wakiyabeba mabenki makubwa kwa fedha za walipa kodi. Seneta Robert Bennett wa Utah, aliyekuwa bungeni tangu 1993, aliiunga mkono sheria hiyo. Mei 2010 alifika mbele ya wajumbe wa chama chake mjini Salt Lake City, wakamtoa katika raundi ya pili. Mwaka 2014 ikawa zamu ya Eric Cantor wa Virginia, kiongozi wa walio wengi katika Baraza la Wawakilishi: aliangushwa kwenye kura za maoni na Dave Brat, mwalimu wa uchumi wa chuo kidogo, ingawa Cantor alitumia zaidi ya dola milioni 5 na mwenzake takriban laki mbili tu.

Msomaji wa Dar es Salaam atulie hapo kidogo. Jimboni Kawe mwaka 2020, aliyeongoza kura za maoni za CCM hakuteuliwa. Vikao vya juu vilimpitisha Josephat Gwajima, aliyeshika nafasi ya tatu. Huko Virginia hapakuwa na kikao cha kumrudisha Cantor, hata kama uongozi mzima wa chama ulimtaka. Ndiyo maana ushauri unaotolewa mara kwa mara, kwamba watu wa Tea Party wangeunda chama chao badala ya kuvuruga cha wenzao, naona haukuelewa walichokuwa wakikifanya: kalamu ya uteuzi ilikuwa tayari mikononi mwa wapiga kura, wao wakaamua kuitumia.

Chama nacho kina hoja yake. Delaware mwaka 2010, vuguvugu lilimwangusha Mike Castle, mwanasiasa mzoefu aliyetazamiwa kushinda, likamsimamisha Christine O'Donnell, aliyeshindwa vibaya Novemba. Oktoba 2013 shughuli za serikali zilifungwa siku 16 kwa msimamo ambao haukuzaa chochote. Anayetaka kutawala nchi kubwa hana budi kukubali nusu ya anachokidai.

Hata hivyo, hesabu ya nakisi ya bajeti hainiachi. Mwaka wa fedha 2009 ilikuwa dola trilioni 1.4. Kufikia 2015 ilishuka hadi karibu bilioni 440, na ingawa uchumi kupata nafuu kulichangia sana, ukomo wa matumizi uliowekwa kisheria mwaka 2011, kwa shinikizo la wabunge wapya wa mrengo huo, nao ulikuwa na sehemu yake. Kisha Republican wakashika Ikulu na mabaraza yote mawili. Desemba 2017 walipunguza kodi, Februari 2018 wakapandisha ukomo ule ule walioupigania, na mwaka 2019 nakisi ilikaribia tena dola trilioni moja, safari hii pasipo msukosuko wa mabenki wala mdororo wa kusingizia. Ni kweli kwamba wafuasi wengi wa vuguvugu hawakutaka pensheni na matibabu ya wazee viguswe, na huko ndiko fedha nyingi huenda. Huo ulikuwa udhaifu wao mkubwa. Lakini waliposema kwamba chama chao hupenda serikali ndogo kikiwa nje ya madaraka tu, hesabu imewathibitisha.

Tena Marekani chama hakikuwa mlango pekee. Lisa Murkowski wa Alaska alishindwa kura za maoni mwaka 2010, akagombea bila chama, wapiga kura wakaandika jina lake kwa mkono na akarudi Seneti. Kwetu Katiba, ibara ya 39 na 67, inamtaka mgombea wa urais na wa ubunge awe amependekezwa na chama. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyopo Arusha iliamua tarehe 14 Juni 2013, katika shauri la Mchungaji Christopher Mtikila, kwamba sharti hilo linakiuka haki za raia. Katiba Inayopendekezwa ya mwaka 2014 ilimruhusu mgombea huru, lakini haikuwahi kupelekwa kwa wananchi waipigie kura.